Babiloni ni nini? Neno moja na wimbo wa The Melodians

Basi lilikuwa linapanda mlima taratibu, redio ikicheza "Rivers of Babylon" ya Boney M. Mzee aliyekaa dirishani aliufuatisha kwa kuguna, mdomo umefumba, kama mtu aliyeimba sauti ya nne kwenye kwaya tangu ujana. Baada ya kona askari wa barabarani akanyoosha mkono. Konda, kijana mwenye rasta zilizosokotwa ndani ya kofia ya kufuma, akapiga bati mara mbili na kumwambia dereva: "Punguza, Babiloni hao."

Mzee akaacha kuguna. "Amesema kina nani hao?"

Hakuna aliyemjibu, na swali lilikuwa la maana. Ndani ya dakika moja neno lilikuwa limetoka redioni likiwa jina la mji wa kale, likatoka mlangoni likiwa jina la trafiki. Watu wengi huyachukua haya kama maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu. Ni neno moja, na wimbo ule uliokuwa unapigwa, ambao asili yake ni wa The Melodians wa Jamaika, ni kati ya mahali ambapo maana hizo mbili zimeshonwa pamoja, ingawa toleo lililokuwa redioni siku ile ndilo lililofumua mshono.

Kwa ufupi, katika lugha ya rege Babiloni ni mamlaka yoyote inayomshika mtu mateka ugenini na kutaka aizoee hali hiyo. Polisi ni Babiloni kwa sababu wao ndio mkono wa mamlaka unaogonga mlango. Lakini mkoloni naye ni Babiloni, na shule inayomfundisha mtoto kuidharau asili yake, na mfumo wa fedha unaomfanya mtu avuje jasho bila kupata. Mwenzake wa neno hili ni Sayuni, ambayo kwa Marasta, wafuasi wa imani iliyozaliwa Jamaika, ni Ethiopia, na kwa upana wake ni Afrika. Ukiiondoa Sayuni, Babiloni linabaki tusi la kuitukana serikali. Zikiwa pamoja zinakuwa ramani: hapa ndipo tuliposhikwa, kule ndiko tulikotolewa.

Msomaji wa Biblia ya Muungano hatalikuta neno Babiloni humo. Atakuta Babeli, ile ile ya mnara wa Mwanzo sura ya 11, kwa sababu Kiebrania kina neno moja kwa mnara na kwa mji. Kiingereza kina majina mawili. Ndiyo maana sisi tuna Babeli tuliyoletewa na wamisionari na Babiloni tuliyoletewa na santuri. Mzee alilijua la kwanza, konda alikua na la pili.

Habari yenyewe ni ya mwanzoni mwa karne ya 6 kabla ya Kristo. Mfalme Nebukadreza aliuteka Yerusalemu, akalibomoa hekalu na kuwahamishia Wayahudi wengi nchini kwake, kwenye mto Frati na mifereji yake. Zaburi ya 137 ni kilio cha watu hao: "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni." Wametundika vinubi vyao mitini, na waliowateka wanawaambia waimbe. Hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Mtekaji hakuridhika na mwili wa mateka wala kazi ya mikono yake, anataka pia burudani, na anaitaka katika nyimbo za kwao. Zaburi inajibu kwa swali: "Tuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni?"

Karne nyingi baadaye, mwandishi wa Ufunuo alipotaka kuusema vibaya mji wa Roma bila kuutaja, aliuita Babeli. Kwa hiyo hata ndani ya Biblia neno hili lilikwisha kuwa fumbo la kumsema mkubwa aliyeko madarakani. Marasta hawakulipotosha, walilikuta likiwa tayari limenolewa.

Sasa twende Jamaika. Waingereza walikinyang'anya kisiwa hicho kwa Wahispania mwaka 1655 na kukijaza watumwa kutoka Afrika wa kulima miwa. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, uhuru kamili ukaja 1838, lakini ardhi ilibaki kwa walewale. Watu waliochukuliwa mateka, wakavushwa maji, wakafanyishwa kazi ugenini, na kitabu pekee walichopewa kina habari za watu waliochukuliwa mateka: ingekuwa ajabu kama wasingejiona humo.

Tarehe 2 Novemba 1930 Ras Tafari Makonnen alitawazwa Addis Ababa kuwa mfalme mkuu wa Ethiopia, kwa jina la Haile Selassie. Kule Kingston wahubiri wa mitaani, Leonard Howell akiwa miongoni mwao, walianza kufundisha kwamba mfalme wa watu weusi ni huyo na si yule wa London. Howell alifungwa mwaka 1934 kwa uchochezi. Baadaye alianzisha makazi ya wafuasi wake mlimani, Pinnacle, na polisi wakayavamia zaidi ya mara moja. Mwezi Aprili 1963, nchi ikiwa huru kwa miezi minane tu, vurugu za Coral Gardens karibu na Montego Bay zilifuatwa na msako wa Marasta kisiwa kizima. Walikamatwa, walipigwa, walinyolewa rasta zao kwa nguvu. Serikali ya Jamaika iliomba radhi kwa jambo hilo mwaka 2017. Ukishajua haya huhitaji kamusi ikueleze kwa nini neno Babiloni lilimganda polisi wa Jamaika, hata akiwa mweusi kama yule anayemkamata.

Kuna uzi unaofika hadi kwetu hapa. Mwanahistoria Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda kufundisha Jamaika mwanzoni mwa 1968. Jioni alikuwa anashuka vitongojini kukaa na Marasta na kuzungumza nao historia ya Afrika. Oktoba mwaka huohuo, akirudi kutoka mkutanoni Kanada, serikali ilimzuia asishuke kwenye ndege. Kingston ikalipuka kwa ghasia, na Rodney akarudi Dar.

Miaka miwili baada ya hapo, mwaka 1970, vijana wa kundi la The Melodians waliingia studio. Brent Dowe na Trevor McNaughton ndio waliotunga. Ukisema walitunga ni lazima ueleze walichofanya, maana karibu maneno yote ni ya Biblia: mistari ya kwanza ya Zaburi ya 137, kisha ile sala ya mwisho wa Zaburi ya 19 ambayo wahubiri wetu hufungulia mahubiri, "Maneno ya kinywa changu, na mawazo ya moyo wangu, yapate kibali mbele zako." Kazi yao iko kwenye maneno machache waliyoyagusa.

La kwanza: Zaburi inasema "waliotuchukua mateka", basi. Wimbo unawaita waovu. La pili ndilo zito. Pale penye "wimbo wa BWANA" wao waliimba wimbo wa Mfalme Alfa, na Mfalme Alfa kwa Marasta ni Haile Selassie, kama mkewe Menen alivyo Malkia Omega. La tatu: kwenye ile sala, pale tunaposema "Ee BWANA", wao waliweka Fari, yaani Ras Tafari. Marekebisho matatu tu, na mateka wa Yerusalemu wakawa mateka wa Kingston wanaomkumbuka mfalme wao Addis Ababa.

Na kuna walichoacha. Zaburi ya 137 inaishia kwa kumtakia heri atakayewakamata watoto wachanga wa Babeli na kuwapondaponda mwambani. Kwaya nyingi huuruka mstari huo, na The Melodians nao waliuruka. Mahali pake wakaweka sala ya kuomba mawazo safi. Kwangu mimi huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika wimbo huu. Hasira imebaki, kisasi kimeondolewa, na msikilizaji asiyejua Zaburi hatambui kwamba kuna kitu kilikatwa.

Muziki wenyewe hauna papara. Sauti tatu zinaimba pamoja kama watu wanaotembea, gitaa linakatakata kwenye pigo la pili na la nne, besi inabeba wengine. Nyuma yake kuna desturi ya mikusanyiko ya Nyabinghi, ambako Marasta huimba zaburi na tenzi usiku kucha kwa ngoma tatu. Jina hilo la Nyabinghi lina asili ya huku: ni Nyabingi, mzimu ulioheshimiwa kaskazini mwa Rwanda na Kigezi nchini Uganda, ambao kwa jina lake Muhumuza aliwapiga vita wakoloni hadi alipokamatwa mwaka 1911. Habari zilifika Jamaika miaka ya 1930 kupitia gazeti, zikiwa zimetiwa chumvi nyingi, na jina likabaki.

Aliyeurekodi ni Leslie Kong, Mjamaika mwenye asili ya Kichina ambaye familia yake ilikuwa na duka la aiskrimu na santuri mjini Kingston, Beverley's. Duka hilo ndilo lililotoa rekodi za kwanza za Bob Marley mwaka 1962. Dowe alisimulia baadaye kwamba wimbo ulipotoka ulizuiwa redioni kwa sababu ya Urasta wake. Kong akawauliza wenye mamlaka: maneno haya ni ya Zaburi, watu wanayaimba kanisani kila wiki, mtaipigaje marufuku Biblia? Kizuizi kikaondolewa, na kwa masimulizi ya Dowe, baada ya wiki tatu wimbo ulikuwa namba moja. Wenye mamlaka walikuwa wameusikia vizuri kabisa, ila hawakuwa na jibu la kumpa. Kong hakuishi kuona ulikofika, kwani alifariki mwaka 1971.

Mwaka 1972 uliwekwa kwenye filamu ya "The Harder They Come", iliyowafikisha wasikilizaji wengi wa ng'ambo kwenye rege kabla hawajamjua Marley. Halafu ikaja 1978. Mtayarishaji Mjerumani Frank Farian aliupeleka wimbo huo kwa kundi lake la Boney M., ambalo mwimbaji wake mkuu Liz Mitchell alizaliwa Jamaika, na ukashika namba moja Uingereza kwa wiki tano, ukauza nakala zaidi ya milioni mbili nchini humo pekee. Hilo ndilo toleo lililofika kwenye harusi zetu, kwenye mabasi na kwenye redio za Krismasi.

Sikiliza vizuri mahali palipoguswa. Mfalme Alfa hayupo, amerudishwa Bwana. Fari hayupo, pamewekwa maneno ya "hapa usiku huu". Ndivyo Babiloni ya dunia nzima ilivyorudi kuwa mji wa Biblia, ulioanguka zamani, usiomkera mtu yeyote aliye hai. Simlaumu Farian sana, wimbo ni mtamu na wasikilizaji wake wengi wasingemjua Fari ni nani. Lakini hebu rudi kwenye Zaburi: mateka walitakiwa waimbe nyimbo za kwao ili waliowateka wafurahi. Sina la kuongeza.

Neno lenyewe halikurudi kulala Biblia. Marley aliendelea nalo, na katika "Babylon System" ya mwaka 1979 mfumo huo unafananishwa na kiumbe kinachonyonya damu za watu. Mtanzania aliyekulia enzi za Azimio la Arusha hahitaji kutafsiriwa hilo. Alikuwa na kupe, alikuwa na mnyonyaji na mirija yake, na mtu wa pwani alikuwa na mumiani wake kabla ya hao wote. Nadhani ndiyo maana Babiloni ilipokelewa kwa urahisi vijiweni kwetu, kiti chake kilikuwa tayari kimewekwa.

Nayo imekwisha kupata sarufi ya Kiswahili. "Babiloni wamekuja" ni watu, wenye sare. "Babiloni inatubana" ni mfumo, kitu kisicho na uso. Kijana wa kijiweni hubadilisha upatanisho huo bila kufikiri, na kwa kiambishi hicho kimoja anakwambia kama leo anamlalamikia askari au bei ya unga.

Askari alizunguka basi, akaangalia matairi, akarudisha leseni na kutupungia tuondoke. Konda akarukia mlangoni. Mzee akamshika mkono wa shati.

"Kijana, uliwaita nani wale?"

"Babeli, mzee wangu. Wale wa kwenye Zaburi."

Mzee akageuka kumtazama askari aliyebaki nyuma barabarani. "Mbona hawajatuomba tuimbe?"

Konda akacheka mpaka kofia ikamdondoka.