Vitone 260 katikati ya twiga: nani anaishi wapi Gilgil

Kaunti ndogo ya Gilgil, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ina watu 137 kwa kila kilomita ya mraba. Nimezunguka huko na kifaa cha GPS mkononi miaka kadhaa, na sijawahi kukanyaga mahali penye watu 137. Ama ni 2,000, ama ni pundamilia.

Kazi yangu ni kuchora ramani. Hesabu yenyewe ni nyepesi: sensa ya 2019 ilipata watu 185,209 Gilgil, kwenye eneo la kilomita za mraba kama 1,350. Kwa kulinganisha, kaunti nzima ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, ni kilomita za mraba 564 tu lakini ina watu 590,013. Kule, boma likiisha lingine limeshaanza, na ukigawanya watu kwa ardhi jibu linafanana na unachokiona ukiwa kwenye matatu. Gilgil halifanani.

Nililijua hilo kwa aibu. Ramani yangu ya kwanza ya Gilgil ilikuwa ya vitone, kila kitone watu 100. Nikaiachia programu ivitawanye ndani ya mpaka, vitone 1,852. Vikaenea vizuri kama mtama uliomwagwa kwenye mkeka. Nikaichapisha, nikaipeleka kwenye baraza moja upande wa Mbaruk. Mzee mmoja akavaa miwani, akaweka kidole kusini mwa reli, akaniuliza, "Sasa kijana, hawa umewapeleka kulala na twiga?"

Kidole kilikuwa juu ya Soysambu. Hifadhi hiyo ina ekari kama 48,000, karibu kilomita za mraba 194, na sehemu kubwa ya Ziwa Elementaita imo humo. Kwa mgao wa programu yangu, vitone kama 260 viliangukia huko: watu 26,000, wengine wakiwa majini. Nilipoitoa Soysambu peke yake kwenye hesabu, 137 ikapanda hadi 160. Bado kuna msitu wa Eburru, kuna ranchi nyingine, kuna maeneo ya jeshi.

Watu wenyewe wako wapi? Fuata barabara ya Nairobi–Nakuru na reli. Mji wa Gilgil ulikua pale reli ilipochepuka kwenda Nyahururu, na hadi leo nyumba zimejipanga kufuata njia. Kisha kuna mashamba makubwa ya walowezi ambayo baada ya uhuru yalinunuliwa na kampuni za ardhi, wanahisa wakagawana vipande. Hapo utaona mabati yamebanana, halafu waya, halafu ng'ambo ya waya hakuna mtu. Kutoka angani mstari huo umenyooka kama umepigwa kwa rula. Mvua haikati namna hiyo. Hati ya shamba ndiyo inakata.

Sisemi maji hayahusiki. Sakafu ya Bonde la Ufa iko kwenye kivuli cha mvua, yaani milima huizuia mvua isifike vizuri, na ukichimba kisima unaweza kupata maji yenye floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka. Ndiyo maana watu wengi waliokulia huku meno yao yana madoa ya kahawia. Ziwa nalo ni la magadi, halina mto unaotoka. Kwa hiyo mahali ambapo punda anaweza kuvuta mkokoteni wa mitungi ya lita 20 na kurudi kabla ya jua kuwa kali, hapo pana nyumba. Zaidi ya hapo nyumba zinapungua, hata kama ardhi inauzwa bei ya chini.

Jambo jingine ambalo watu husahau: sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala, usiku ule wa tarehe 24 Agosti. Shule zilikuwa zimefunga, kwa hiyo wanafunzi wa bweni walihesabiwa makwao. Aliyekuja kula nyama choma Kikopey na gari likamharibikia akalala kwenye gesti ya jirani, yeye ni wa Gilgil kwenye takwimu.

Ramani ya pili nilivipanga vitone kwa kufuata mapaa yanayoonekana kwenye picha za setilaiti. Ikatoka na utepe mweusi kando ya barabara, vishada vichache kuelekea Eburru, na katikati weupe mtupu. Ofisini nikaulizwa kama wino wa printa umeisha.