Mpango mkakati na kujenga uwezo: maana yake kwa asasi inayotunza urithi wa muziki

Mpango mkakati ni uamuzi wa maandishi unaoeleza asasi itafanya nini katika miaka mitatu hadi mitano ijayo, kwa nini hayo na si mengine, nani atayafanya na fedha zitatoka wapi. Kujenga uwezo ni kazi ya kuifanya asasi hiyo iweze kuyatimiza hayo, na iendelee kuyatimiza hata baada ya mfadhili kufunga mradi na mshauri kupanda ndege. Mpango usiogusa uwezo hubaki kabatini. Na mafunzo yasiyotokana na mpango huishia kwenye vyeti na posho za nauli.

Kwa asasi ya urithi wa muziki, mambo haya mawili yana uzito wa pekee kwa sababu mali inayotunzwa haingoji. Nyimbo, makamu (mifumo ya sauti ya muziki wa Kiarabu), midundo na ufundi wa kutengeneza vyombo vimo vichwani na mikononi mwa watu, na watu huzeeka. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alifariki Aprili 2013, na yale ambayo hakuwahi kurekodiwa wala kumfundisha mtu hayawezi kupatikana tena. Upande wa pili ni sauti zilizokwisha kurekodiwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyemtangulia, alirekodi Bombay, India, mwaka 1928, na santuri za zama zile zimebaki chache. Kanda za sumaku za redio na za vikundi, ambazo ni changa zaidi, nazo zinaoza kwenye rafu. Kwa hiyo swali la kwanza la mpango mkakati katika fani hii ni kipi kitapotea mapema zaidi. Mengine yote yanafuata hapo.

Zanzibar inatoa mifano iliyo wazi. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na ingali inapiga taarabu. Ni kikundi cha wanachama, na nguvu yake ni watu wanaojiona kuwa wenye mali. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, DCMA, kilianza mwaka 2002 na kwa miaka mingi kilifundisha taarabu, kidumbaki na ngoma katika jengo la zamani la forodha, Mji Mkongwe. Mwaka 2019 kilitangaza hadharani kwamba kimo hatarini kufungwa kwa kukosa fedha za wafadhili. Kabla ya hapo tamasha la Sauti za Busara, lenye sifa duniani kote, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu hiyohiyo ya fedha, likarudi mwaka 2017. Hakuna aliyetilia shaka ubora wa muziki katika taasisi hizi mbili. Kilichoyumba ni msingi wa kifedha ulioubeba muziki huo, na ndiyo maana mpango wa asasi ya muziki hauwezi kuandikwa na wanamuziki peke yao, wala na wahasibu peke yao.

Kazi huanza kwa kuhesabu. Wengi hupenda kuanza na dira na dhamira kwa kuwa ni maneno mazuri na hayamgombanishi mtu, lakini dira iliyoandikwa kabla ya kujua ulicho nacho huwa ya asasi nyingine. Andaeni madaftari matatu. La kwanza ni la watu: kila mwalimu na mpigaji, umri wake, anajua nini ambacho mwingine hajui, na nani anajifunza kwake kwa sasa. Ikionekana kwamba kanuni, chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa katika taarabu, inafundishwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ana miaka sabini, basi umeshapata lengo la kwanza la mpango bila kuitisha warsha. La pili ni la vyombo: udi, kanuni, fidla, akodioni, ngoma, kila kimoja kwa hali yake na kwa gharama ya kukitengeneza. La tatu ni la kumbukumbu: kanda, santuri, picha, daftari za mashairi, na pale inapowezekana nani mwenye haki nazo. Wiki sita hadi nane zinatosha kwa asasi ndogo, mradi mtu mmoja apewe kazi hiyo rasmi.

Baada ya hesabu ndipo huja uchambuzi wa uwezo, udhaifu, fursa na vikwazo. Hapa kosa la kawaida ni kujaza ukurasa kwa maneno yanayoifaa asasi yoyote: “uhaba wa fedha”, “wafanyakazi wenye ari”. Udhaifu ulioandikwa vizuri una jina na kiasi. “Mtu mmoja tu ndiye anayejua neno la siri la diski zenye rekodi” ni udhaifu unaoweza kuondolewa Ijumaa hii. “Changamoto za teknolojia” hauondoleki kamwe.

Kisha kuchagua. Malengo makuu yasizidi manne, na kila lengo liambatane na jambo ambalo asasi imekubali kuliacha au kulisogeza mbele. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu kila mjumbe ana kipenzi chake: huyu anataka tamasha, yule studio, mwingine makumbusho. Mpango unaomridhisha kila mjumbe kwa kawaida haujachagua kitu.

Chukua mfano wa asasi inayotaka kuhamisha kanda 1,000 za rili kwenda kwenye mfumo wa kidijitali, kila kanda ikiwa na dakika 30. Hizo ni saa 500 za sauti. Kanda huchezwa kwa kasi yake ya kawaida, haiharakishwi. Ukijumlisha kuisafisha, kurekebisha kichwa cha mashine, kusikiliza na kuandika maelezo ya msingi, kila saa ya sauti hula takribani saa tatu za kazi. Jumla ni saa 1,500. Fundi mmoja akifanya saa sita za kazi halisi kwa siku, anahitaji siku 250, yaani mwaka mzima wa kazi bila kuugua na bila umeme kukatika. Kwa kiwango kinachokubalika katika utunzaji wa sauti, kilohezi 96 na biti 24 katika faili za WAV, saa moja ya stereo huchukua kama gigabaiti 2. Saa 500 ni kama terabaiti moja, na kwa kuwa nakala zinapaswa kuwa tatu, moja ikikaa nje ya jengo, ni terabaiti tatu. Diski zenyewe si ghali sana. Kinachosahaulika ni kwamba zitahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na mpango wa miaka mitano usio na mstari wa diski mpya umepanga kupoteza kile ulichokiokoa.

Hapo bado hatujagusa kanda zinazonata. Baadhi ya kanda, hasa za miaka ya 1970 na 1980, zina gundi inayofyonza unyevu, na hewa ya pwani inaizidisha hali hiyo. Ukiicheza kanda ya namna hiyo bila kuitibu, chembe zinazobeba sauti hubanduka na kuganda kwenye kichwa cha mashine. Tiba yake ni kuipasha moto wa nyuzi 50 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa katika kifaa chenye joto lisiloyumba, lakini kanda za zamani zaidi zilizotengenezwa kwa asetati zikipashwa hivyo huharibika. Asiyejua kuzitofautisha asiguse. Nalo hili ni suala la uwezo: kabla ya kununua mashine, mpeleke mtu akajifunze kutambua kanda.

Turudi basi kwenye maana ya uwezo, kwa sababu ndiyo inayopotoshwa zaidi. Katika ripoti nyingi kujenga uwezo humaanisha semina ya siku tatu hotelini. Semina inaweza kuwa sehemu yake, tena ndogo. Uwezo uko katika ngazi tatu. Ya kwanza ni mtu: anajua kufanya. Ya pili ni asasi: ina utaratibu, chombo, fedha na muda wa kumwezesha mtu huyo afanye, na akiondoka mwingine anaweza kushika pale alipoachia. Ya tatu ni mazingira: sheria, vyama vya hakimiliki, redio, shule, vikundi vya mtaani. Mafunzo mengi hukomea ngazi ya kwanza. Kijana anafundishwa kuhariri sauti, kompyuta iliyoahidiwa haifiki, baada ya miezi sita ameajiriwa na studio ya harusi. Usimlaumu. Asasi haikumjengea mahali pa kuutumia ujuzi wake.

Utengenezaji wa vyombo unaonyesha ngazi hizo vizuri. Kanuni ya Kiarabu mara nyingi ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake hukaa juu ya ngozi, aghalabu ya samaki. Unyevu ukipanda, ngozi hulegea na chombo kinapoteza sauti. Nyuzi huagizwa nje. Kumfundisha fundi kubadilisha ngozi ni ngazi ya kwanza. Kuwa na seti mbili za nyuzi kabatini, bajeti ya mwaka ya kuagiza nyingine, na mwanafunzi anayekaa na fundi kila wiki, hiyo ni ngazi ya pili. Bila hiyo, kanuni iliyoletwa kwa sherehe na picha za magazeti hutundikwa ukutani, na wanafunzi wake wanahamia kinanda cha umeme.

Kuhusu fedha, neno la kulielewa ni masharti. Ruzuku nyingi hutolewa kwa kazi maalumu: warsha, rekodi, onyesho. Hazilipi kodi ya nyumba, mlinzi, mhasibu wala umeme wa kiyoyozi cha chumba cha kanda, ambacho kikizimwa kila usiku huleta kupanda na kushuka kwa unyevu kunakoharibu kanda. Kwa hiyo kila bajeti ya mradi ibebe sehemu yake ya gharama hizo, na sehemu hiyo ipigiwe hesabu kwa stakabadhi za mwaka uliopita. Mfadhili mmoja akizidi nusu ya mapato, liandikwe hilo kuwa ni hatari, pamoja na tarehe ya mkataba wake kuisha. Akiba ianze na lengo la gharama za miezi mitatu, kisha sita, ikijengwa kwa fedha zisizo na masharti: ada za wanafunzi wanaoweza kulipa, maonyesho kwa wageni, kukodisha ukumbi, michango ya wapenzi wa taarabu walio ng’ambo.

Haki za wasanii zisiachwe hadi mwisho. Kurekodi wimbo wa mzee na kuuweka kwenye mtandao bila makubaliano kunaweza kuvunja uhusiano na mtaa mzima. Mkataba uwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya msanii na mtu anayemwamini, useme rekodi itatumika wapi, nani atalipwa ikiuzwa, na warithi ni kina nani. Kwa masuala ya hakimiliki, Bara kuna COSOTA, Zanzibar kuna COSOZA. Kwa kanda za zamani zisizo na mkataba, zihifadhiwe kwanza, zisitangazwe hadi familia zitafutwe.

Bodi ndiyo inayoushikilia mpango. Wajumbe saba wanatosha, wakiwemo wanamuziki wawili au watatu, mtu wa hesabu, mtu wa sheria, mwakilishi wa wanafunzi au wa mtaa. Bodi iliyojaa majina makubwa yasiyohudhuria haipitishi bajeti wala haimsimamii mkurugenzi, na asasi iliyo mikononi mwa mwanzilishi mmoja huyumba siku anapoumwa. Kwa hiyo urithishaji wa uongozi uwemo ndani ya mpango, ukiwa na muda: mtu wa pili aanze kusaini hundi, kuandika maombi ya fedha na kuonana na wafadhili walau mwaka mmoja kabla.

Viashiria navyo vichaguliwe kwa uangalifu. “Watu 60 walihudhuria” hakisemi lolote kuhusu urithi. “Wanafunzi wanne wanaweza kupiga utangulizi mzima wa kanuni bila mwalimu” kinasema. Vivyo hivyo “kanda 240 zimehamishwa, zimesikilizwa upya na nakala ya tatu iko Unguja au Pemba nje ya jengo letu”.

Waraka wenyewe ukizidi kurasa ishirini, hausomwi. Ambatisha mpango kazi wa mwaka wenye jina la mhusika na kiasi cha fedha kwa kila kazi, na bodi iupitie kila robo mwaka kwa maswali matatu: nini kimefanyika, nini kimekwama na kwa sababu gani, nini kiondolewe. Mapitio makubwa hufanyika katikati ya kipindi, na kazi ya kuandaa mpango unaofuata huanza miezi tisa kabla wa sasa haujaisha, ili maombi ya fedha yaende yakiwa na waraka mpya mkononi.