Jazi ya Kichina: yanayosemwa na yalivyo

"Ni mtindo wa juzi." Kila video ya erhu, lile zeze la nyuzi mbili, ikisambaa mtandaoni pamoja na saksafoni, wachangiaji huona ni ubunifu wa kizazi cha intaneti. Shanghai ilianza mambo haya karibu miaka 100 iliyopita. Katika miaka ya 1920 Li Jinhui, mtunzi kutoka Hunan, aliziunganisha nyimbo za kwao na jazi ya kumbi za dansi, na binti yake Li Minghui akaziimba. Mwaka 1934 akatua Buck Clayton, mpiga tarumbeta Mmarekani mweusi, na bendi yake nzima, wakapiga katika ukumbi wa Canidrome. Kazi hiyo ilipoota mbawa walihamia ukumbi wa Casa Nova, ambako wateja walitaka nyimbo za Kichina zilizotamba wakati huo, na Clayton ikambidi ajifunze kuzipiga. Alirudi Marekani mwaka 1936, akaingia bendi ya mpiga piano wa jazi Count Basie. Ukweli huu husahaulika: safari hiyo Mmarekani ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

"Wachina waliupokea muziki huu kwa mikono miwili." Thubutu! Mwaka 1932 Nie Er, aliyekuwa ndani ya kundi la Li mwenyewe, alimshambulia kwa maandishi, kwamba anatunga nyimbo laini za starehe wakati nchi inavamiwa na Japani. Baada ya 1949 kumbi zikafungwa, na jazi haikusikika tena hadharani mpaka kuelekea miaka ya 1980.

"Muziki wa Kichina una sauti tano tu, ndiyo maana unaingia kwenye bluzi bila shida." Hapa pana ukweli nusu. Sauti tano ndizo uti wa mgongo, ila kuna mbili za nyongeza zinazopita katikati yake, na mwaka 1584 Zhu Zaiyu, mwanamfalme wa enzi ya Ming, alikuwa ameshakokotoa namna ya kuigawa oktavu, yaani umbali kutoka nota moja hadi nota ileile iliyo juu yake, katika hatua 12 zilizo sawa. Isitoshe, sauti tano peke yake si bluzi. Bonyeza vitufe vyeusi vya piano, ambavyo hutoa sauti tano tu, juu ya mdundo wa jazi uitwao swingi, utapata tangazo la mgahawa wa Kichina.

"Mwanamuziki wa Kichina hupiga kilichoandikwa, hajui kubuni papo hapo." Hii huniudhi kuliko zote. Nenda kwenye muziki wa nyumba za chai za Shanghai na vitongoji vyake, unaoitwa Jiangnan sizhu. Wapigaji huzunguka meza moja yenye vikombe vya chai, wote wanaujua wimbo uleule, na kila mmoja anaupamba kivyake: filimbi inatetemesha sauti, pipa, ala ya nyuzi nne inayofanana na gitaa, inaivunja nota moja kuwa vinota vingi vya haraka, erhu inateleza kutoka nota hadi nota kama mtu anayeimba. Hakuna anayepewa zamu ya kutamba peke yake, na wimbo haurudiwi vilevile mara mbili. Hata maandishi ya kale ya guqin, ala ya nyuzi saba inayolazwa mezani, humwonyesha mpigaji kidole gani kwenye uzi gani, lakini hayamwambii sauti idumu kwa muda gani. Hilo analiamua yeye.

Kwa hiyo ugumu hauko kwenye kubuni. Uko kwenye mfuatano wa makundi ya sauti zinazopigwa kwa wakati mmoja (Waingereza huyaita "chords"), ambao ndio njia anayopita mpiga jazi, na ambao muziki huu wa zamani hauutegemei kabisa. Majaribio mengi yaliyonipendeza hukaa kwenye jazi isiyobadilisha makundi hayo kila mara. Hapo sheng, kinanda cha mdomo chenye mianzi, hujisikia nyumbani, kwa sababu sauti zake zilizopandana kwa umbali wa nota nne au tano zinakaribiana sana na alivyopiga piano McCoy Tyner.

"Ala za Kichina zikichanganywa zinachafuliwa." Pipa iliingia China na misafara kutoka Asia ya Kati. Suona, zumari la Kichina, ina undugu na zurna ya Waturuki, na pia na nzumari ya pwani yetu. Liu Yuan wa Beijing alilelewa na suona, akashika saksafoni, akapiga na mwanaroki Cui Jian, kisha akafungua klabu yake ya jazi. Ukisikiliza rekodi zake za saksafoni, jaribu kusema suona imeishia wapi.