Nikeli za Marekani za karne ya 19 na kinachowavutia wakusanyaji

Mmarekani akitaja nikeli, mara nyingi anakusudia sarafu yake ya senti tano. Nikeli yenyewe humo ni robo tu, robo tatu ni shaba. Lakini robo hiyo inatosha kuipa sarafu weupe na ugumu, na ugumu huo ndio chanzo cha mengi anayoyatafuta mkusanyaji wa sarafu za wakati huo.

Kabla yake senti tano ilikuwa ya fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, watu walificha kila sarafu ya thamani, serikali ikalazimika kutoa chenji ya karatasi. Noti moja ya senti tano ilibeba sura ya ofisa wa hazina, Spencer Clark, aliyekuwa hai bado. Bunge likachukizwa na kupiga marufuku sura za walio hai. Mwezi Mei 1866 likaidhinisha sarafu ya shaba na nikeli. Joseph Wharton, mwenye mgodi wa nikeli Pennsylvania, alikuwa ameipigia debe madini hiyo kwa miaka, na si kwa sadaka.

Toleo la kwanza, la ngao, lilichorwa na James Longacre. Nyuma kulikuwa na tarakimu 5 ndani ya duara la nyota, na miale katikati ya nyota. Madini yalikuwa magumu mno kujaza mchoro huo, na mihuri ya chuma ya kupigia chapa ikapasuka upesi. Mwanzoni mwa 1867 miale ikaondolewa. Ndiyo maana za mwaka huo zenye miale ni kama milioni 2, zisizo nayo zaidi ya milioni 28.

Nyufa za mihuri bado zinaonekana kwenye sarafu kama mistari myembamba. Mkwaruzo huchimbika, mstari wa ufa huinuka, kwa kuwa madini yaliingia ndani ya ufa. Anayeanza huzikataa sarafu hizo, kumbe wapo wanaozitafuta hizo hizo.

Mwaka 1883 likaja toleo la Charles Barber, lenye kichwa cha mwanamke anayewakilisha Uhuru. Nyuma waliweka V ya Kirumi, yaani tano, bila neno "senti". Ukubwa wake ulikaribiana na sarafu ya dhahabu ya dola 5, basi matapeli wakaichovya dhahabu na kwenda nayo madukani. Neno likaongezwa mwaka huo huo.

Hapa hesabu inageuka. Zisizo na neno zilikuwa kama milioni 5.5, zenye neno milioni 16, lakini leo zile chache ndizo za bei nafuu. Watu walidhani serikali itaziondoa, wakaziweka zikiwa mpya. Za 1885, kama milioni 1.5, hakuna aliyejali kuzihifadhi. Zikachakaa mifukoni, na leo bei yake inatisha. Kwa mkusanyaji, kinachohesabiwa ni ngapi zimebaki na sura nzuri.

Usizisugue zing'ae, utaziharibia thamani. Na ukiuziwa ya 1883 iliyopakwa dhahabu kwa bei ya "sarafu ya matapeli", kumbuka dhahabu hiyo ingeweza kupakwa juzi; mpakaji hakuacha tarehe.