Je, wajua kwa nini kilomita chache zinaweza kuficha betri iliyochoka?

Shemeji yangu anakaa Mukono na kazi yake iko katikati ya Kampala. Siku moja alinipigia simu kutoka bondi ya magari kule Nakawa, yaani yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa nje, sauti imejaa furaha. Amepata Mitsubishi Outlander ya haibridi (gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme), ile ya kuchaji kwa waya, ya mwaka 2014, na imetembea kilomita 48,000 tu. "Ni kama mpya, shemeji," akasema. Nikamwomba asitoe hata shilingi moja kabla hatujaonana.

Kwa gari la petroli, namba ile ingekuwa habari njema. Kwa haibridi ya kuchaji haituambii kile tunachotaka kukijua, na kuna wakati inatudanganya kabisa. Sababu iko ndani ya betri.

Tuanze na haibridi tuliyoizoea. Toyota Prius ya kawaida haichomekwi popote. Betri yake ni ndogo, kilowati-saa moja na kitu (hicho ni kipimo cha umeme unaoingia kwenye betri), na hujazwa na injini pamoja na breki: ukishuka kilima, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme ndani. Kompyuta ya gari hairuhusu betri hiyo ijae kabisa wala iishe kabisa. Inaishi katikati, ikipanda kidogo na kushuka kidogo, ndiyo maana hudumu. Gari la umeme mtupu, kama Nissan Leaf ya kilowati-saa 40, nalo lina nafuu yake: safari ya kilomita 40 inakula kama sehemu ya sita ya betri, basi.

Haibridi ya kuchaji haina nafuu hizo zote mbili. Outlander ya kwanza ya aina hii, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2013, ina betri ya kilowati-saa 12. Prius ya kuchaji ya mwaka 2012 ina 4.4 tu, na iliyoifuata mwaka 2017 ina 8.8. Betri ya ukubwa huo inamalizwa asubuhi, inajazwa usiku, kesho yake inamalizwa tena. Betri ya lithiamu huchoshwa na mizunguko hiyo ya kujaa na kuisha. Huchoshwa pia na joto na kukaa imejaa muda mrefu, na miaka huila hata gari likiwa limeegeshwa tu. Isitoshe, Outlander hii ina uzito wa karibu tani 1.8. Kulipandisha kilima gari zito namna hiyo kwa betri ndogo ni kuikamua kila seli kuliko ambavyo seli ya betri kubwa ingekamuliwa.

Sasa wafikirie wenye magari wawili huko Japani. Wa kwanza ni mstaafu anayekwenda sokoni na kurudi kila siku, na kila jioni anachomeka gari lake. Akifikisha kilomita 48,000 kwa umeme, kila chaji ikimpa kilomita 40, betri yake imezunguka mara 1,200. Wa pili ni mtu wa mauzo anayekimbia barabara kuu kwa petroli mwaka mzima na kuchaji kwa nadra. Dashibodi yake inasoma 120,000. Pale bondi utamkimbilia nani? Wengi wetu tutalichukua gari la mstaafu, na huenda tumechukua betri mbovu zaidi.

Karatasi ya mnada inayokuja na gari kutoka Japani haitatuokoa hapa. Inaonyesha mikwaruzo, kutu, ajali na hali ya viti, lakini kwa kawaida haisemi betri imebaki na uwezo gani. Na ile mistari ya chaji kwenye dashibodi? Inakuonyesha betri imejaa kiasi gani kwa leo, yaani kikombe kimejaa au la. Kama kikombe chenyewe kimekuwa kidogo, haikwambii.

Lakini kupima kunawezekana, na hapa ndipo ningependa kila mnunuzi asimame. Chini ya usukani kuna tundu ambalo mafundi huchomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kuna vidude vidogo vya bluetooth vinavyochomekwa hapo na kutuma taarifa kwenye simu, na kwa magari kama Outlander zipo programu za simu zinazosoma uwezo wa betri kwa ampea-saa. Seli za Outlander ya mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa na ampea-saa 40. Ukisoma 36, furahi. Ukisoma 28, umebaki na asilimia 70. Muuzaji akikukatalia kupima, mshukuru na uondoke.

Kabla hata ya kupima, nilimwuliza shemeji swali la mahesabu: unalinganisha na gari gani? Safari yake ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 42. Ili hesabu iwe rahisi, tuseme uniti moja, yaani kilowati-saa moja, ya Yaka (umeme wetu wa kulipia kabla) ni shilingi 800 za Uganda na lita ya petroli ni 5,000. Outlander yenye betri nzima itachukua kama uniti 10 kwa safari hiyo, yaani shilingi 8,000. Gari la petroli la ukubwa ule, linalokwenda kilomita 10 kwa lita, litakula 21,000. Tofauti ni kubwa na inaonekana mfukoni kila wiki. Lakini Prius ya kawaida inayokwenda kilomita 20 kwa lita itatumia 10,500, bila waya, bila kuchaji, na spea zake mafundi wa Kampala wamezishika miaka mingi. Tofauti imebaki shilingi 2,500. Betri ya Outlander ikichoka kiasi cha kukupeleka nusu ya njia tu, nusu nyingine unachoma petroli huku umebeba betri ile nzito, na gharama inapanda hadi 14,000 na zaidi. Hapo Prius imekushinda.

Kwa hiyo gari hili linamfaa mtu anayehitaji gari kubwa, mwenye safari fupi ya kila siku, na mwenye mahali pake pa kuchaji. Hilo la mwisho watu hulipita haraka. Outlander ikichajiwa kwa volti 200 inavuta karibu kilowati 3 kwa saa nne hivi. Ni kama kuacha pasi mbili zikiwaka tangu chakula cha jioni hadi usiku wa manane. Soketi iliyolegea inaweza kuyeyuka. Chaja nyingi pia hukataa kufanya kazi nyumba ikiwa haina waya wa ethi, ule unaozama ardhini, na si kila nyumba inao. Soma kibandiko cha chaja uone kama inakubali volti 240 zetu, kisha mwite fundi umeme akuwekee laini ya peke yake. Mpangaji wa ghorofani anayefikiria kuteremsha waya dirishani, namsihi asinunue.

Ukiwa na pa kuchajia, ninalipenda wazo hili kwa moyo wote. Umeme wetu sehemu kubwa unatoka kwenye mabwawa ya mto Nile: Nalubaale ya Jinja tangu 1954, Bujagali tangu 2012, Isimba tangu 2019, na Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa 2024. Kukwama kwenye foleni ya Kireka injini ikiwa kimya, ukitembea kwa maji ya Jinja, ni raha ambayo petroli haijawahi kunipa.

Jambo jingine la haraka: sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, na Outlander na Prius za mwanzo za kuchaji ni kuukuu, zinaukaribia mpaka huo. Na ile soketi ya ndani ya Outlander inayosifiwa kwamba inawasha vyombo vya nyumbani inatoa volti 100 za Kijapani. Birika lako la Kampala litapasha maji kwa kujikokota.

Tulimwomba muuzaji alichaji gari usiku kucha. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, tulitoka Nakawa kuelekea Mukono tukiwa tumeirudisha mita ya safari kwenye sifuri, shemeji akikanyaga taratibu, maana ukikanyaga kwa nguvu injini huwaka hata betri ikiwa na chaji. Tulikuwa tumeupita mji wa Mukono kidogo, kilomita 19, petroli ilipoamka. Simu ilisoma ampea-saa 24.

Muuzaji alikuwa muungwana, akakubali kushusha bei. Shemeji alipiga hesabu upya kwenye karatasi juu ya boneti, akairudia mara mbili, akarudisha ufunguo. Sasa anatafuta ya kuanzia mwishoni mwa 2018, zilizokuja na betri ya kilowati-saa 13.8, na kidude cha kupimia anatembea nacho mfukoni.