Je, wajua? Samaki anayeuzwa kwa cheti Singapore ni magendo akifika Marekani

Ukiingia duka la samaki wa mapambo Singapore, utamkuta arowana wa Asia yuko peke yake ndani ya tangi la kioo, mwekundu kama shaba iliyosuguliwa, akielea taratibu karibu na uso wa maji. Hachanganywi ovyo na wenzake kwa sababu ni mgomvi. Muuzaji atakutajia bei ya kukufanya uulize mara ya pili, kisha atakutolea cheti chenye namba. Mnunue, mtie kwenye mfuko wa maji, panda naye ndege hadi Los Angeles, na hapo hapo uwanjani umeshaingia kwenye kesi. Samaki ni yule yule na cheti ni kile kile. Inakuwaje?

Tuanze na samaki mwenyewe. Wanasayansi humwita Scleropages formosus. Makao yake ni mito na mabwawa ya Kusini-mashariki mwa Asia, na wale wekundu wanaogombewa zaidi asili yao ni mto Kapuas, magharibi mwa Kalimantan nchini Indonesia. Akikomaa hukaribia sentimita 90. Ana magamba makubwa ya kung'aa na masharubu mawili kidevuni, na kwa macho ya Wachina wengi huyo ni joka kabisa. Joka lao, tuelewane, si zimwi la kula watoto kama la hadithi zetu. Ni kiumbe cha heri, mali na nguvu. Ndiyo maana utamkuta arowana akitunzwa nyumbani au ofisini mwa mfanyabiashara. Wenyeji wa mitoni walikuwa wakimla kama kitoweo cha kawaida tu.

Kilichomponza ni uzazi wake. Sangara wa Ziwa Victoria hutaga mayai kwa mamilioni, lakini arowana hutaga makumi tu. Anayemjua sato atakumbuka kwamba jike hubeba mayai mdomoni. Kwa arowana kazi hiyo ni ya dume, naye huyabeba mayai na makinda kwa wiki kadhaa. Mvuvi anayetafuta makinda hana haja ya nyavu nyingi. Humkamata baba, akamfungua mdomo, na uzazi wote wa msimu ule ukaishia kwenye ndoo.

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ujulikanao kama CITES, ulianza kutumika Julai 1975. Arowana huyu aliwekwa kwenye Kiambatisho cha I, kundi lenye masharti makali kuliko yote, aliko chui pia. Aliye kwenye kundi hilo hauzwi nje ya nchi kibiashara akiwa ametolewa porini.

Hata hivyo mkataba uliacha mlango. Mnyama wa Kiambatisho cha I akizalishwa shambani kwa ajili ya biashara, huchukuliwa kama wa Kiambatisho cha II, yaani anaweza kuuzwa nje kwa kibali. Shamba lenyewe lazima lisajiliwe, lionyeshe kwamba wazazi walipatikana kihalali na kwamba lina uwezo wa kuwazalisha samaki hao kizazi baada ya kizazi bila kurudi mtoni kuchota wengine. Kwa mlango huo mashamba ya Singapore, Malaysia na Indonesia yakanawiri. Kila samaki hudungwa chipu ndogo kama punje ya mchele ndani ya nyama ya mgongoni. Kifaa cha kusomea kikipitishwa ubavuni, namba inatokea, nayo lazima ilingane na ya kwenye cheti. Zisipolingana, karatasi hiyo haina kazi.

Marekani imo ndani ya mkataba huo huo, ila ina sheria yake pia, ile ya viumbe walio hatarini ya mwaka 1973, na arowana wa Asia aliingizwa kwenye orodha yake mwaka 1976. Sheria hiyo inatazama aina ya kiumbe, haiulizi kama alizaliwa mtoni au bwawani kwa mtu. Kumwingiza nchini ili kumfuga au kumuuza ni kosa, na kumuuza kutoka jimbo moja hadi jingine pia ni kosa. Sheria inataja faini ya hadi dola 50,000 na kifungo cha hadi mwaka mmoja.

Mimi naona kila upande una hoja. Mashamba yamempa mnunuzi samaki bila kumgusa wa mtoni, na hilo si dogo. Lakini cheti pia kimegeuka pambo: kitu kilichokatazwa hutamaniwa, na chenye namba ya siri mwilini hutamaniwa zaidi. Tamaa ya samaki wa mapambo nayo ina vituko vyake. Mwaka 2005 maofisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Melbourne, Australia, walimsimamisha abiria aliyetoka Singapore baada ya kusikia maji yakichupachupa kiunoni mwake. Chini ya sketi alikuwa amevaa aproni yenye mifuko 15 ya maji, ndani yake samaki 51 wa mapambo.

Wapo pia ambao mkataba haujawafikia. Kadinali wa Banggai, samaki mdogo mwenye mistari myeusi kutoka visiwa vya Banggai nchini Indonesia, naye dume lake hulea mdomoni, naye amevuliwa sana kwa ajili ya matangi ya watu. Mwaka 2007, na tena 2016 kule Johannesburg, lilipelekwa pendekezo la kumweka Kiambatisho cha II. Mara zote mbili liliondolewa kabla ya kupitishwa.

Arowana ana ndugu wa mbali hata huku kwetu, Heterotis niloticus, mwenyeji wa mto Nile na Ziwa Turkana. Ana magamba makubwa vilevile, ila rangi yake ni ya kijivu na kahawia, na hakuna aliyewahi kumwona joka. Hayumo kwenye kiambatisho chochote. Huyo huliwa.