Figo Imekufa, Mgonjwa Anakunywa Uji

Mwezi uliopita shangazi aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: “Figo ya Saidi imekufa.” Haikufika adhuhuri, pole za msiba zikawa zimejaa, na mjomba mmoja akauliza maziko ni lini. Saidi mwenyewe alikuwa kitandani anakunywa uji, anazisoma zote.

Kilichokufa kilikuwa kipandikizi, si Saidi. Kipandikizi ni kiungo kilichotolewa kwa mtu mmoja kikawekwa kwa mwingine. Uhai wa kipandikizi ni muda kinaofanya kazi. Uhai wa mgonjwa ni muda anaoishi. Basi.

Kupandikiza ni neno la shambani. Mkulima wa mpunga huotesha miche kitaluni, kisha huing'oa na kuihamishia jarubani. Mche ukinyauka, jaruba lipo palepale. Sisi tumelichukua neno, tukakumbuka mche na kusahau jaruba. (Pandikizi la mtu, lile jitu la miraba minne, si la hospitalini, ingawa nimeshaulizwa.)

Wanaosoma takwimu nao huteleza hapohapo. Mtu akifa kwa ajali ya gari huku figo aliyopandikizwa inachuja vizuri, hesabu ya kawaida huandika kwamba kipandikizi nacho kimepotea. Ipo hesabu nyingine inayoviweka kando vifo vya namna hiyo, na lazima uulize unaonyeshwa ipi. Aliyerudi kusafishwa damu kwa mashine, kwa upande wake, ana kipandikizi kilichokufa na bado anahesabiwa hai. Ndiyo maana katika hesabu ya kawaida asilimia ya wagonjwa walio hai haishuki chini ya ile ya vipandikizi.

Kwenye kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini ya kudhibiti sukari mwilini, mpaka wenyewe kati ya kufanya kazi na kufa ni wa kubishaniwa. Tangu madaktari wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipopandikiza kongosho pamoja na figo tarehe 17 Desemba 1966, swali limekuwa: ni lini useme imekufa? Marekani wana kipimo kimoja: mgonjwa akirudi kutumia insulini nusu uniti au zaidi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa siku 90 mfululizo. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni uniti 30. Anayechoma chini ya hapo huenda kongosho yake bado inajikongoja.

Sisemi kufa kwa kipandikizi na kufa kwa mgonjwa havihusiani. Kwa mwenye kisukari aliyewekewa figo na kongosho, kupoteza figo kwa kawaida ndiko kunakomsogeza zaidi karibu na kifo, kwa kuwa moyo na mishipa yake vilishachoka kabla ya kurudi kwenye mashine. Kongosho ikifa anarudi kwenye sindano, na sukari inaanza upya kuila figo ileile mpya. Kipandikizi kilichokufa kinamsogeza, lakini kusogezwa si kufika.

Shangazi sikumsahihisha mbele ya watu. Nilimwandikia pembeni, akafuta, akaandika tena: “Figo aliyowekewa Saidi imeacha kufanya kazi. Amerudi kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Anahitaji nauli.”